Anaimba namba hadi hamsini, lakini vijiko vinne vinamshinda

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Asubuhi nauza vitumbua, jioni nashona nguo za majirani. Shida yangu ni huyu wangu wa pili, wa kiume, ana miaka mitano na nusu, yuko darasa la awali. Ukimwambia ahesabu, anakwenda mpaka hamsini bila kusita, tena kwa madaha, mikono kiunoni. Wageni wanampigia makofi. Lakini juzi tumekaa kula, nikamwambia, "Baba, kalete vijiko vinne." Akarudi na gao zima. Nikamwambia avihesabu. Akaanza, kimoja anakigusa mara mbili, kingine anakiruka, akafika kumi na moja. Vijiko vilikuwa saba. Nikamuuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" Akaanza tena: moja, mbili, tatu...

Mwalimu wake aliniita akaniambia mtoto ni mzito wa hesabu, akiendelea hivi hatapanda darasa la kwanza. Baba yake aliposikia akaenda kununua chati ya namba mpaka mia moja kwa Kiingereza, akaibandika sebuleni. Kila baada ya magharibi mtoto anasimamishwa pale asome, na fimbo iko pembeni. Hampigi sana, sitaki kumsingizia, lakini mtoto akisikia pikipiki ya baba yake inaingia anakwenda kujificha chooni. Mimi nikisema tumchezeshe michezo ya kuhesabu kama tulivyocheza sisi, naambiwa michezo ni ya watu wasio na malengo. Halafu dada yake, ana miaka tisa, ni mwepesi, kila swali la mdogo wake yeye ndiye anayejibu.

Sina hela ya vile vifaa vya kuhesabia vinavyouzwa madukani, na muda wangu ni wa kuibia. Je, mwanangu ana tatizo kichwani? Hiyo michezo inasaidia kweli au najidanganya? Na kama inasaidia, nianze na upi?

Mama Vitumbua, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kulibeba hili peke yako.

Nianze na linalokunyima usingizi. Kwa haya uliyoniandikia, sioni mtoto mwenye tatizo kichwani. Kafundishwa wimbo wa namba, kaushika barabara, watu wakampigia makofi. Kuhesabu vitu ndiko bado hajaonyeshwa. Ni kama mtoto anayeimba Jumamosi mpaka Ijumaa bila kukosea, halafu umuulize leo ni siku gani akutumbulie macho.

Kuhesabu vijiko kunataka mambo matatu yaende pamoja. Kila kijiko kiguswe mara moja tu, kila mguso upate namba yake, na ile namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. La tatu ndilo gumu, na ndilo lililomkwamisha zaidi mwanao. Ulipomuuliza viko vingapi akaanza upya, kwa sababu kwake "vingapi" ni amri ya kuimba tena.

Na lile gao la vijiko lisikutishe, linajulikana. Mwanasaikolojia Karen Wynn aliandika mwaka 1990 juu ya watoto wadogo waliopimwa kwa jambo jepesi tu: nipe kimoja, nipe viwili, nipe vitatu. Watoto hupanda ngazi kwa ngazi. Kwanza anaijua moja peke yake, ukimwomba idadi nyingine yoyote anachota tu. Miezi inapita, anaijua mbili. Kisha tatu. Halafu siku moja jambo lenyewe linamfungukia, na hapo anaweza kukupa hata sita, kwa sababu ameelewa kuwa kuhesabu ndiko kunakompa jibu. Wengi hufika hapo kwenye miaka mitatu na nusu, minne. Wako kachelewa, sikufichi. Lakini watoto hupishana sana katika hili, na sehemu yake inatokana na namba zinavyotajwa nyumbani kwenye mazungumzo ya kawaida, si kwenye chati.

Leo jioni mpime mwenyewe bila yeye kujua. Okota visoda kumi na tano hivi, vioshe. Yeye awe muuza duka, wewe mteja. Nipe viwili. Nipe vitatu. Nipe vinne. Pale atakapoanza kuchota ovyo ndipo alipofika, na kazi yenu inaanzia hapo, hata kama ni tatu. Hamsini iwekeni kando. Kama viwili anatoa bila kufikiri na vitatu vinamchanganya, basi wiki nzima nyumba iwe ya tatu: mafiga ni matatu, ndala mlangoni ziko tatu, ya nne iko wapi? Vikombe vitatu vya chai, na sisi tuko wanne, nani atakosa? Swali hilo la mwisho ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu akikosea kuna mtu atakaa bila chai, na yeye mwenyewe ataliona kosa lake kabla hujasema neno.

Sasa wewe una kifaa ambacho walimu wengi wa awali tungekitamani, nacho ni chuma chako cha vitumbua. Vingi huwa na vishimo saba, kimoja katikati na sita vimekizunguka. Kikishapoa kabisa, kioshe, umpe na visoda vyake. Sharti ni moja: kila kishimo kisoda kimoja. Mwambie, "Nichomee vitumbua vitatu." Anavitia kimoja kimoja. "Vimejaa vingapi?" Akianza kuhesabu upya, mwache ahesabu, ila akifika mwisho itaje ile namba ya mwisho kwa mkazo na uzungushe mkono juu ya vyote: "Tatu. Viko vitatu." Ule mzunguko wa mkono usiuache. Ndio unaomwonyesha kuwa ile tatu ni ya kundi zima na si jina la kile kisoda cha mwisho.

Akizoea, muulize upande wa pili: vimejaa vitatu, vitupu vingapi? Hapo utamwona anakaa kimya, anavitazama, vidole vinatembea. Usimwahi. Baadaye ataanza kukuambia vinne bila hata kuhesabu, kwa sababu macho yameshazoea ile sura ya vishimo. Na hilo ni jambo kubwa: vitu hadi vitatu au vinne binadamu huweza kuvijua kwa kutupia jicho tu, na mtoto anayejua kuona makundi madogo hivyo atajumlisha kwa urahisi baadaye kuliko anayesota na vidole kila mara. Akishafika hapo, leta kawa. Weka visoda vitano juu ya meza, vifunike, kisha ingiza mkono uvute viwili avione. Vilivyobaki ndani ni vingapi? Aseme kwanza, ndipo afunue. Kawa ndiyo itakayomsahihisha, wewe huna haja ya kusema "umekosea."

Mchezo wa pili ndio ningetaka mume wako ausikie, kwa sababu una ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walitoa matokeo yao juu ya watoto wa shule za awali kutoka familia zenye kipato kidogo. Waliwachezesha mchezo wa mstari mmoja wenye visanduku vyenye namba 1 hadi 10. Mtoto anazungusha mshale, unaonyesha moja au mbili, anasogeza kitu chake huku akizitaja namba za visanduku anavyopita. Basi. Walicheza mara nne au tano kwa muda mfupi mfupi, jumla yake kama saa moja tu. Watoto wale wakawa bora katika kuhesabu, kuzitambua namba zilizoandikwa, na kujua ipi kubwa kati ya namba mbili, na wiki tisa baadaye walipopimwa tena faida ilikuwa bado ipo. Kundi jingine lilicheza mchezo uleule ila visanduku vina rangi badala ya namba. Hao hawakupata faida hiyo. Mwambie baba: wale nao walicheza, ila bila namba za kukanyaga na kutaja.

Kuutengeneza hakuna gharama. Chukua mkaa au chaki, chora uani visanduku kumi kwa mstari ulionyooka, kutoka kushoto kwenda kulia, vyote sawa kwa ukubwa, uandike 1 hadi 10. Usivizungushe kama konokono. Siegler na Ramani waliulinganisha mstari ulionyooka na mduara, na mstari ndio uliosaidia zaidi, maana unamwonyesha mtoto kwamba namba kubwa ziko mbali zaidi na mwanzo. Kwa dadu, tumia kisoda kimoja: kikianguka kifua juu ni moja, mgongo juu ni mbili. Kila mmoja na kijiwe chake, au mruke wenyewe kwa miguu, watoto wa umri huo wanapenda zaidi kuruka.

Kuna kanuni moja ambayo ukiiacha mchezo wote unapungua nguvu. Tuseme yuko kwenye 4, kisoda kimemwangukia mbili. Atasogea akisema "moja, mbili." Watoto karibu wote hufanya hivyo, na watu wazima wengi tunafanya hivyo tukicheza ludo. Mzuie kwa upole.

"Uko wapi sasa?"

"Nne."

"Mbele ya nne kuna nani?"

"Tano."

"Haya, ikanyage uitaje."

"Tano... sita."

Akisema "moja, mbili" yuko kwenye wimbo tu, angeweza kuwa kisanduku chochote. Akisema "tano, sita" analazimika kusoma namba aliyoikanyaga, kujua inayofuata, na kuhesabu kuanzia katikati bila kurudi mwanzo. Huko ndiko kujumlisha kunakoanzia. Akikwama, mwambie arudi kidogo: "Tatu, nne, halafu?" Mwanzoni mtakwenda pole pole mpaka uchoke wewe. Vumilia, na mcheze dakika kumi tu, muache akiwa bado anataka. Mkishacheza raundi kadhaa, mchokoze kidogo: "Mimi niko nane, wewe uko sita, nani karibu na kumi? Unataka kisoda kikupe ngapi unifikie?" Akizoea kumi, mrefushie mstari ufike ishirini.

Unauliza kuhusu michezo yetu. Mingi ni mizuri, ila si yote inafundisha kitu kilekile. Mdako kwa mfano, ule wa kishimo na vijiwe, unarusha kimoja juu na kuchota vingine kabla hakijashuka. Ukifika raundi ya kurudisha viwili viwili au vitatu vitatu, mkono unajifunza makundi kabla kichwa hakijapewa jina lake. Sema kwa mtoto wa miaka mitano kudaka ni kazi, kwa hiyo mwache achote bila kurusha. Gololi ni nzuri kwa sababu ukipoteza mbili unajua umepoteza mbili, na uchungu wake unausikia. Ludo inamfundisha kusoma nukta za dadu kwa jicho, jambo zuri sana, ila njia yake inazunguka na haina namba, kwa hiyo isichukue nafasi ya mstari. Kama mna dadu nyumbani nitakupa kimoja cha baadaye, akishaweza kujumlisha kidogo: pande mbili zinazotazamana za dadu huwa zinafika saba. Juu kuna tano, chini kuna ngapi? Abahatishe, kisha ageuze. Nimeona watoto wakidhani ni uchawi.

Bao kamili msimpe sasa. Kete 64 na mashimo 32, tena na nyumba na sheria za kutakata, yaani kutembeza kete bila kula, mtu mzima mwenyewe anahitaji miaka. Lakini kutembeza kete, moja kila shimo mpaka zikuishie mkononi, ni zoezi safi la kupa kila kitu namba yake. Mchimbie mashimo sita mchangani, kete mbili mbili, achote shimo moja na kutembeza. Muulize kabla hajaanza: itakwishia wapi? Kama babu yao yuko hai na anacheza bao, hapo umepata mwalimu wa bure.

Karata nazo zinafaa. Ondoa zenye picha, gaweni, kila mmoja anafunua moja, mwenye kubwa anachukua zote mbili. Najua nyumba nyingi za Tanga karata hazikanyagi mlango kwa sababu ya kamari. Kama ndivyo kwenu, kata boksi la sabuni vipande, uchore nukta moja hadi kumi, mchezo ni uleule.

Mambo ya simu na programu za namba sitakaa nayo. Mtoto anabonyeza, kitu kinalia, hakuna anayekosa chai.

Kuhusu ile chati ya Kiingereza: sina ugomvi na Kiingereza, shule itamfundisha. Lakini mtoto ambaye hajajua vinne kwa lugha ya mama yake hatavijua kwa lugha nyingine. Chezeni kwa Kiswahili. Kwanza kinamsaidia, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu zinajieleza zenyewe kuwa ni kumi na kitu juu yake, wakati kwa Kiingereza kumi na moja na kumi na mbili zina majina yaliyojificha. Kwetu ugumu unakuja kwenye ishirini na thelathini, maana huisikii mbili wala tatu ndani yake. Hapo chukua chelewa za ufagio mkuukuu, zikate, afunge mafungu ya kumi kumi kwa mpira. Mafungu mawili ndiyo ishirini. Hilo ni la baadaye, mwakani hata. Vivyo hivyo hela: sarafu moja ya shilingi 200 kuwa sawa na mbili za 100 ni jambo linalomchanganya mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kwamba kimoja ni kimoja. Akusaidie kufungasha kwanza. Mteja wa vitatu, mteja wa vitano, aweke mwenyewe kwenye mfuko, wewe uhakiki.

Sasa baba yao. Fimbo iondoke sebuleni, hapo sizunguki. Mtoto anayejificha chooni akisikia pikipiki, siku akisimamishwa mbele ya chati anachotafuta ni njia ya kutoka, namba hazioni. Lakini usimwambie mbele ya watoto wala akiwa na njaa. Subiri ameshakula, mwambie umeniandikia, na kwamba nimetaka yeye ndiye achore ule mstari wa uani kwa sababu unatakiwa unyooke na visanduku vilingane. Wanaume wengi wakiombwa ufundi hawakatai. Akishauchora, mwombe aucheze na mwanawe raundi mbili tu, na ashindwe moja. Mtoto anatakiwa kumshinda baba yake mara moja moja kwenye namba, utaona sura yake itakavyobadilika. Ile chati asiing'oe, kumwaibisha nako hakufai. Iache, akate tu kile kipindi cha kusimamishwa baada ya magharibi, muda huo uwe wa mstari. Ukiona hasikii kwako, mtumie mtu anayemheshimu, mama yake au mjomba wake. Wewe unamjua zaidi.

Dada mtu usimfukuze, mpe cheo. Awe refa. Kazi ya refa ni kuangalia kama mdogo wake ametaja namba alizokanyaga, na refa akimjibia mchezaji, mchezaji anapewa kisanduku kimoja cha bure. Atanyamaza.

Muda wako wa kuibia unatosha. Usiku ukishachanganya unga ukasubiri uumuke, dakika kumi zipo. Ukichambua mchele zipo. Huhitaji kukaa chini na kusema sasa tunasoma hesabu.

Mwalimu wake wa shule mfuate baada ya wiki chache, si kumlaumu. Mweleze unachofanya na mwanao ameanza kuweza nini: wiki iliyopita alikuwa ananipa viwili, sasa ananipa vinne. Mwombe naye amwombe vitu kwa idadi darasani, chaki tatu, madaftari matano, badala ya kumsimamisha aimbe. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake hapati muda wa kugundua kwamba mtoto anayeimba mpaka hamsini hajui nne, kwa hiyo umempa habari asiyokuwa nayo.

Na ikipita miezi mitatu, minne mnacheza karibu kila siku na vitatu bado vinamshinda, au ukaona ukimwita kwa nyuma haitiki, au anasogeza uso karibu sana na vitu anavyovitazama, mpeleke hospitali apimwe macho na masikio kabla mtu yeyote hajamwita mzito tena. Mchukue na daftari lake la shule, mganga atataka kuliona.